Analala Tu

Kabuta, siku ya posho (Jumamosi) mangaribi, 1974

Basi imeisha. Yule mutu ya kofia nyeusi, mwenye kuruka juu ya manyumba mu vitabu ya picha, hatutamuona tena.

Asubuhi tulikuwa tunageuza samaki kwenye jua. Odette, mwenye kuvusha samaki Kongo na kuniita yaya, sawa dada yake mukubwa, akanisomea kitabu ya mwisho. Picha naona mwenyewe, lakini Kifaransa njo sijui.

Mutu yetu alikuwa chini, bibi yake anamushika mukono.

"Anakufa?"

"Hapana, yaya. Analala tu. Alichoka. Bon, imeisha."

Akafunga kitabu mbio. Nilifurahi sawa mutoto. Mutu mwenye kupigania batu siku zote, wamuache apumuzike!

Sasa kitabu iko hapa, Odette alikisahau. Nimefungua ukurasa ya mwisho, ile hakunionyesha. Kuko musalaba, na bibi anavaa nguo nyeusi.

Muongo yule! Siku walitoa bwana yangu mu ziwa, ni yeye alinishika mabega. Alisema vilevile, kwa sauti ileile: "Analala tu, yaya."

Kesho ataniuliza kama nilipenda mwisho. Nitasema ndiyo. Nilipenda mwisho yake, hapana ya kitabu.