Mrudishieni Mwende Kikamba Chake

Muscat, Jumamosi

Dada yangu Kavata,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Kitui. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mvua imewafikia? Mimi mwili ni mzima, ila nina wivu, na leo nitausema wote.

Mtoto ninayemlea hapa, Ines, ana miaka sita kama Mwende wangu. Nyumbani kwao wanaongea Kihispania, shuleni anasoma kwa Kiingereza. Anaongea kama Mwende kabisa: maneno anayo, lakini kuyapanga yawe sentensi kunamshinda, kwa lugha zote mbili. Tofauti ni kwamba huyu hakuna anayemwita mjinga. Kila Jumanne dereva anatupeleka kwa mtaalamu wa usemi, upande wa Matrah. Mama yake anapiga magoti kwenye zulia akisubiri amalize kusema, hata kama ni dakika nzima. Mimi naketi kando na mkoba wao, nimenuna.

Jumanne iliyopita madam, mama yake Ines, aliuliza kama waache Kihispania, kibaki Kiingereza tu. Mtaalamu akamjibu, "Lugha mbili hazikumletea shida hii. Ukimnyima moja, shida itabaki, na nyanya yake atampoteza."

Nilitoka nje nikajifanya napiga simu.

Ni mimi niliyekuagiza, siku naondoka, kwamba Mwende asisikie Kikamba tena. Nilikuambia ni kwa ajili ya shule. Nilikudanganya. Nilikuwa nimechoka kumwona akianguka anamkimbilia Mama na kumlilia kwa Kikamba, mimi nikiwa hapohapo. Nikajua nikisafiri nitasahaulika. Na Mama, ambaye hana lugha nyingine, mkamnyamazisha kwa neno langu. Uliponiambia siku hizi anamsuka Mwende bila kusema kitu, nilifurahi. Mungu anisamehe.

Sasa mrudishieni. Mama amsimulie chochote, na Mwende akisema asikatizwe wala asichekwe. Akikosea, Mama airudie sentensi yake vizuri, kisha waendelee. Mwalimu wake akilalamika, mwambie kwamba mama wa mtoto ndiye aliyeamua.

Wivu haujaisha, usidhani. Najua Mwende atamsimulia Mama mambo yake kabla ya kunisimulia mimi, na nitaumia.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu fundi, na shangazi wa pale sokoni. Mama mwambie ukweli kwamba ni mimi niliyemfunga mdomo. Mwende usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, kwa Kikamba.

Mdogo wako,
Ndunge