Kuungisha Tovuti ya Mtaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimetuma! Saa nne na dakika kumi asubuhi. Ombi limekwenda kwa mtandao wa matangazo: waikague tovuti yangu, na wakiridhika waweke matangazo yao pembeni mwa kurasa. Matangazo hayo yatailipia nafasi yake mtandaoni kila mwaka, niwepo nisiwepo.

Hilo la nisiwepo ndilo hasa. Nina miaka sabini na sita. Anayelipia sasa ni binti yangu, na kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, wamempunguzia zamu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba malipo yanaisha tarehe 31, akaenda kubandika chai. Yasipolipwa, nyumba mia mbili na kumi na mbili zilizomo zinazimwa. Zilishabomolewa mara moja, miaka arobaini na moja iliyopita, sisi tukitazama kutoka kwenye malori. Inatosha.

Kila nyumba ya mtaa wetu wa kule tulikoondolewa nimeipa ukurasa wake: namba, rangi ya mlango, nani alikaa, alifanya kazi gani. Bila nyongeza. Nilikuwa msahihishaji wa matbaa miaka thelathini. Nyongeza naijua harufu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekataa. Mistari minne tu: maudhui ni haba.

Haba! Nimezunguka meza mara tatu. Nimemwita Binti aje aone ufedhuli huu. Amesoma barua, akafungua nyumba namba 14, akahesabu kwa kidole. Maneno kumi na tisa, Baba. Nikamwambia ni kumi na tisa ya kweli.

"Ya kweli, sawa. Lakini hamna mtu ndani."

Ameondoka kwenda zamu yake. Mimi nimebaki na namba 14. Amesema kweli, mtoto huyu. Ni karatasi ya mpima ardhi, si nyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaandikia wenzangu kwenye kikundi cha simu. Tupo thelathini na wanne, wazee wa mtaa mmoja, tumetapakaa nchi saba. Wananiita Bwana Nukta kwa sababu zamani nilikuwa nikiwasahihishia barua zao za kuombea kazi. Nimewaomba: kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake ndani ya nyumba yao. Asiyeweza kuandika atume sauti.

Jumapili, 9 Machi

Mafuriko! Sauti hamsini na tatu tangu jana!

Fundi Saa ametuma ya dakika kumi na saba, yote kuhusu ngazi ya kwao. Kipandio cha tatu kilikuwa kikilia, na baba yake alijua kwa mlio huo ni mtoto gani amechelewa kurudi. Mama Vitambaa, jirani yetu wa mkabala, anakumbuka mapazia ya mtaa mzima kwani ndiye aliyeyauza. Nyumba kwa nyumba, dirisha kwa dirisha! Hata ya kwetu. Ya njano, asema, na marehemu mke wangu aliyarudisha mara mbili kwa sababu pindo lilikuwa limekwenda upande. Nilikuwa nimelisahau pindo hilo. Nimesikiliza mara nne.

Ugomvi pia upo, tena mtamu. Mlango wa kinyozi ulikuwa kijani au buluu? Wamegawanyika kambi mbili. Nimeandika: "Kijani, wengine husema buluu." Kambi zote zimenuna.

Kifundo cha mkono kinauma. Sijali.

Jumatano, 12 Machi

Ombi la pili limekwenda. Namba 14 sasa ina maneno mia sita na ishirini, na watu wanane.

Mtandao unataka pia ukurasa wa faragha, unaoeleza habari za vidakuzi, yaani vile vialama ambavyo tovuti huviacha kwenye simu ya msomaji ili imtambue akirudi. Nimeeleza kwa lugha safi, aya tatu. Fundi Saa ameuliza kama hivyo vidakuzi vinauma. Mama Vitambaa akamjibu kwamba kwa jinsi anavyochelewa kurudisha vitu vya watu, yeye ndiye wa kuwekewa alama.

Binti amesema nisiwe nafungua barua pepe kila dakika tano. Sasa nafungua kila dakika kumi.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekubali! Wamekubali! Binti alikuwa mlangoni na mfuko wa vitunguu. Nimemkumbatia yeye na vitunguu vyake.

Tangazo la kwanza limejitokeza saa saba mchana, ubavuni mwa nyumba ya fundi cherehani. Matairi ya malori. Basi na yawe matairi! Nikawaandikia wenzangu maneno matatu, kwa furaha tu: "Duka letu limefunguliwa."

Jumanne, 18 Machi

Tovuti ina kihesabu cha wageni. Jana hadi leo: mia tatu na tisa. Mibofyo kwenye matangazo, ambayo ndiyo inayolipwa: mia mbili na kumi na moja! Sikudhani dunia ina haja ya matairi kiasi hicho. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Kwa mwendo huu, tovuti itasimama kwa miguu yake hadi wajukuu wa Binti, ambao bado hata hawajazaliwa.

Nimenyoa ndevu. Bila sababu.

Alhamisi, 20 Machi

Matangazo yamesimamishwa.

Barua inasema mibofyo si halali: watu walewale, matangazo yaleyale, mfululizo, na hakuna aliyenunua kitu. Ninaweza kuomba ukaguzi upya mara moja tu. Wakikataa, mlango umefungwa daima.

Binti ameuliza polepole kama nimewaambia watu wabofye. Nikamwambia hata kidogo. Nilisoma masharti yote, kurasa kumi na nne, na kosa la chapa nililiona kwenye ya tisa. Kisha nikafungua simu nimwonyeshe, tukasikia sauti ya Mama Vitambaa ambayo jana sikuiwahi:

"Bwana Nukta, nimekuungisha. Asubuhi mara saba, na sasa hivi nakuungisha tena. Nenda nao taratibu, maana wateja ni wengi."

Nikakaa chini.

Nani asiyejua? Kule kwetu jirani akifungua duka, hupiti mlangoni pake mikono mitupu. Unamuungisha. Sindano, kibiriti, hata kama kibiriti unacho. Mimi ndiye niliyeandika kwamba duka limefunguliwa. Nikaandika "letu". Walitazama nini kinanunulika pale, wakakuta vitufe vya matangazo, wakanunua. Fundi Saa peke yake amebofya matairi mara arobaini, na hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Binti alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akatazama kalenda ukutani, akaacha kucheka.

Ijumaa, 21 Machi

Fomu ya kuomba ukaguzi upya ina nafasi ya herufi elfu moja. Wanauliza: unawafahamu waliobofya? Uliwaalika? Umefanya nini isitokee tena?

Binti amenishauri niseme siwajui. Hakuna wa kuthibitisha, na zimebaki siku kumi. Ananishauri kwa upendo, najua. Lakini nyumba zote hizi zinasimama juu ya jambo moja tu, kwamba sijaandika uongo. Nimejibu: nawafahamu wote, wana umri wa kati ya miaka sitini na tisa na tisini na mmoja, nami niliwaalika bila kujua kwamba ninawaalika. Nimeeleza kuungisha ni nini. Herufi mia tisa na tisini na nane. Ile sentensi ya "duka letu" Binti aliifuta mara moja, nikairudisha.

Kisha nikawaandikia wenzangu, nikipima kila neno asiaibike mtu: wapendwa, tafadhali tusiguse tena matangazo.

Nimetuma vyote viwili. Jibu ndani ya siku saba. Moyo unaenda mbio, na kusema kweli napenda unavyokwenda.

Jumapili, 23 Machi

Kihesabu cha wageni: sifuri.

Jana pia sifuri. Nilidhani kimeharibika. Binti amekifungua, amekitikisa kwa namna anayoijua yeye, ni kizima. Kikundini kimya, hata kambi ya mlango wa buluu. Wakaguzi wakija sasa hivi watakuta mtaa uliohamwa. Mara ya pili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimewapigia simu, mmoja mmoja, tangu saa tatu. Fundi Saa amesema ameificha miwani asije akashawishika. Mwingine amefuta kabisa anwani ya tovuti kwenye simu yake, ili asinitie hasara. Wananiomba msamaha, mimi nawaomba wao.

Mama Vitambaa ndiye mgumu. Aliniuliza kama ni yeye aliyeivunja. Nikasema hapana, Dada. Nikamwambia aingie tu, asome, atoke.

"Mikono mitupu?"

"Mikono mitupu."

"Mlangoni pako, Bwana Nukta? Nikae, nile kwa macho, niondoke kama mwizi?"

Nikamwambia kukaa kwake ndiko kunakohesabiwa. Sikumwambia kwamba sijui kama wakaguzi wanahesabu hivyo. Mimi nahesabu hivyo. Akasema ataona, akakata simu.

Sasa ni saa tisa na robo. Barua pepe bado hakuna kitu.

Kihesabu: mgeni mmoja.

Nimebonyeza nione yuko wapi. Namba 88, nyumba ya wifi yake Mama Vitambaa, ile ambayo hakuna aliyenitumia sauti yake. Pazia moja, watoto watatu, maneno ishirini na mawili. Kuyasoma yote hakuchukui nusu dakika.

Saa tisa na dakika arobaini. Nimemwita Binti naye amekuja, amesimama nyuma ya kiti changu, mikono ina povu. Nafasi ya tangazo iko palepale ilipokuwa, tupu, nyeupe.

Saa kumi kasoro tano. Bado yumo ndani.