Alama za Jeruto Nusu ya Msimu

Chebet rafiki yangu,

Ligi imefika katikati na timu yetu ya hoki ni ya tatu kutoka mkiani. Nakuambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa watu huko uliko. Tumeshinda mechi mbili tu, na moja ya hizo wapinzani walifika wakiwa wachezaji tisa, kwa hiyo usianze kupiga vigelegele.

Jumapili baada ya kanisa nilienda kiwanjani na lile daftari letu. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya goli, pale pale tulipokaa tangu tutundike daluga, mimi beki mzee na wewe mshambuliaji ambaye hukurudi nyuma kukaba hata siku moja. Nikaanza kuwapa alama juu ya kumi, kama tulivyofanya kila nusu ya msimu.

Mabeki nimewapa sita. Wanajituma, lakini wakipata mpira wanaupiga popote, kama mtu anayefukuza kuku shambani. Washambuliaji nne, na hapo nimewahurumia, maana kona fupi tunazipata na hatujui la kuzifanyia. Yule mfupi wa Kaptembwo uliyekuwa unampenda nimempa nane. Anauza mboga asubuhi yote, anakuja kwa miguu, na bado anakimbia kuwashinda wote.

Kisha nikafika kwa kipa. Jeruto, binti yako.

Unaikumbuka sheria yetu: mzazi hapimi mwanawe. Tukifika kwenye jina lake ulikuwa unainuka bila kuambiwa, unasema, "Wacha nilete chai," unaelekea kibandani. Ukirudi nimeshafunika daftari, na miaka yote sita hukuuliza nimemwandikia ngapi. Nilikuheshimu sana kwa hilo. Jumapili hakuna aliyeinuka. Nilikaa na penseli mkononi nikalia, wala sioni haya kukuambia.

Ukweli ni huu. Tangu tukuzike Olenguruone, mtoto ameganda kwenye mstari wa goli. Mshambuliaji akija hatoki kumkabili, anasubiri kufungwa. Na hakuna anayemwambia. Akifungwa manne, kocha anampapasa bega, pole, ni sawa. Wenzake, pole. Na mimi pia, Chebet. Mimi niliyemfokea tangu akiwa na meno ya utoto nilinyamaza miezi yote hii. Sasa kocha ameniambia pembeni kwamba mzunguko wa pili ataanza na kipa mwingine.

Nikamwandikia nne. Nikafungua kurasa za nyuma nione kama huwa mkali hivyo. Ndipo nikakushika. Kila mwaka, alama niliyomwandikia imefutwa kwa raba, na mahali pake kuna mwandiko wako ulioinama. Saba yangu imekuwa sita. Nane imekuwa saba. Hata ile tisa ya mwaka aliozuia penalti tatu, umeifanya nane. Daftari lilikuwa linakaa kwako, na mimi sikuwahi kurudi nyuma kuangalia. Nilicheka mpaka muuza chai akachungulia. Wazazi wengine wakiiba huongeza, wewe ulikuwa unapunguza.

Jumatatu nilimwita Jeruto nyumbani. Nikamwonyesha ile nne, kisha kurasa zako. Alizipitia moja moja, kidole juu ya mwandiko wako. Halafu akasema, "Aunti, angalau mathe hakunionea huruma. Nyinyi nyote ni pole, pole. Nafungwa magoli manne mnaniambia ni sawa. Si sawa."

Nikamwambia kweli, si sawa, na kesho saa kumi awe kiwanjani na vifaa vyake.

Amekuja kila siku. Mimi na magoti yangu haya nampigia mipira, na akibaki mstarini namfokea mpaka wapita njia wanasimama. Jana alitoka mara tatu. Mara ya tatu alinikumba nikaanguka chali, na leo kiuno kinauma. Sijafurahi hivyo tangu uende.

Mzunguko wa pili unaanza Jumamosi. Nilimfuata kocha nikamwambia aje amwone mazoezini, akaja. Amekubali Jeruto aanze mechi hiyo moja, halafu ataamua. Siwezi kukuahidi kikombe, rafiki yangu, labda wenzetu wote waugue. Lakini hatutashuka daraja, na mtoto wako hatasikia tena pole kutoka kinywani mwangu akiwa golini. Hayo mawili naahidi.

Pumzika sasa, Chebet. Daftari linakaa kwangu siku hizi, na hakuna wa kuligusa. Kwa hiyo kabla sijaifunga barua hii nimechukua raba, nikaifuta ile nne, nikaandika tatu. Hiyo moja umeiondoa wewe.

Wako,
Nyambura