Kahawa ya Mkono wa Kushoto

Alhamisi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imekatika, matope yamefika mlangoni. Moyo wangu hauko mahali pake.

Mulembe, daftari. Mwalimu wetu wa gumbaru, shule ya watu wazima, alisema tuandike kila siku yale tuliyoyaona, hata kama ni mstari mmoja. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kitu ninachojua kuandika ni barua, na barua haianzi bila salamu. Kwa hivyo pokea salamu kwanza.

Baba Ayuma, mume wangu, hajambo, isipokuwa goti limevimba tena kwa hii baridi. Kukhu, mama yake mzazi, hajambo, anaota moto na kulalamika kwamba obusuma, ugali wetu, ninaopika siku hizi ni laini kama uji. Joni hajambo, yuko darasa la sita na anakula kama watu wawili. Rispa hajambo. Timo mdogo anakohoa lakini anacheza, na mtoto akicheza mimi huwa simwogopei sana. Ng'ombe wetu mweusi hajambo.

Na Ayuma, kifungua mimba wangu.

Ayuma sijui.

Nitaeleza pole pole, ndiyo nikija kusoma siku nyingine nielewe nilifanya nini na kwa nini.

Ayuma aliolewa mwaka juzi na Zakayo wa Lurambi. Zakayo akafungua hoteli ya kahawa mjini, kando ya soko. Watu walimcheka. Hapa Kakamega sisi ni watu wa chai, kahawa ni ya wazee na Waislamu. Lakini Ayuma wetu alijua kahawa. Wakati baba yake alikuwa anakata miwa Mumias, jirani yetu mmoja Mwislamu alimfunza kazi hiyo tangu kukaanga. Makaa machache, mkono usiache kukoroga, utwange mwenyewe kwa kinu, tangawizi uitie mwisho. Hoteli ilijaa. Wateja wakamwita Dada Kahawa.

Mimi nauza mboga, saga na kunde na mrenda. Tangu mwaka jana nilihama soko la kwetu nikaja hili la mjini, nikatafuta mahali ambapo nikiinua kichwa naona mlango wa hoteli hiyo. Mlango tu. Kuingia siwezi.

Kwetu mama hali kwa mkwe wake. Hamtazami usoni, hamshiki mkono, na wakikutana njiani mmoja akate kona. Inakuwa hivyo mpaka siku ya kuondoleana haya, na siku hiyo ni mkwe anayeileta, na Zakayo hajaileta. Nilimuuliza Kukhu kama hoteli ni nyumba. Akaniuliza, "Ako na jiko ndani?" Nikasema liko. "Na anayepika ni bibi yake?" Ndiye. "Basi hiyo ni nyumba. Wacha maswali ya wanasheria."

Basi nikawa nauliza wateja.

Walikuwa wawili hasa. Mzee Rajabu wa Matungu, anayeuza nguo za mitumba, yeye hunywanga kahawa mara tatu kwa siku. Na Ndombi, fundi wa viatu, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Wote wanapita kwangu wakitoka. Nilikuwa nauliza kama mtu anayepiga porojo tu: ilikuwaje leo?

Mwanzoni habari zilikuwa tamu. Mzee Rajabu alikuwa anatoka akipangusa ndevu. "Mama Mboga, leo nimefika Mumias bila kupanda gari, kahawa ni ya kwetu kabisa!" Na Ndombi: "Yule dada anajua sukari yangu bila kuuliza. Bibi yangu miaka tisa bado anauliza." Vikombe vimesuuzwa kwa maji moto, kahawa inafuka moshi, dada anacheka. Nilikuwa nabeba maneno hayo mpaka nyumbani, namwambia Baba Ayuma, leo kahawa ilikuwa nzuri. Anasema, basi mtoto yuko sawa. Tunalala.

Ndivyo tulivyokuwa tunamwangalia mtoto wetu, kwa ulimi wa watu.

Sikumwambia mtu kwamba ni wangu. Ningesema, Zakayo angesikia kwamba mama mkwe amekaa hapo nje kumchungulia, na aibu ingekuwa ya nani?

Mwezi uliopita habari ziligeuka. Ndombi akasema kahawa ni nyepesi, anaona mpaka chini ya kikombe. Mzee Rajabu akasema wamechanganya na mahindi ya kuungua, ulimi wake haudanganywi. Halafu vikombe vikawa na ladha ya sabuni. Halafu kahawa ikaanza kuja baridi. Ndombi alilalamika, akasema dada alisimama tu anamwangalia, kama mtu aliyeamshwa.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema moyoni, Ayuma ana mimba, harufu ya kahawa imemkataa. Nilianza hata kuwaza jina.

Juzi Jumanne Mzee Rajabu alitoka mbio mbio, kikombe hajamaliza.

"Mama Mboga, pale mimi sirudi."

"Kwani kumekuwa nini, mzee?"

"Binti ananipa kikombe kwa mkono wa kushoto! Jumamosi nikanyamaza. Jana nikamwambia, binti, mimi si mbwa. Leo tena kushoto, na nusu imemwagika kwenye kisahani."

Ndombi alikuwa anagonga msumari. "Mzee, si kuna watu wamezaliwa wa shoto?"

"Amezaliwa lini, jana? Mwaka mzima ananipa kwa kulia!" Akanigeukia. "Huyo hakuwa na mama wa kumfunza, wallahi."

Nilikuwa nafunga saga. Nilifunga fungu moja mara tatu, na kila mara likafunguka.

Mimi ndiye niliyemfunza. Alikuwa na miaka mitatu, akinyoosha wa kushoto namshika namrudisha, akinyoosha tena namrudisha, mpaka akawa akipokea hata jani la mti anapokea kwa kulia na kupiga goti kidogo. Mtoto yule hawezi kumpa mzee kitu kwa kushoto. Hata akiwa amekasirika. Hata akiwa mgonjwa.

Basi mkono wa kulia una neno.

Nilimwambia Baba Ayuma jioni hiyo. Akasema tutume mshenga, tungoje Jumapili, mambo ya wakwe hayakimbiliwi. Jana nikamwomba Ndombi aniangalilie, huo mkono wa kulia dada anaufanyia nini. Alicheka, akasema sasa nimekuwa polisi. Lakini aliangalia. Aliporudi alisema, "Ameuficha ndani ya leso. Hajautoa hata mara moja."

Sikulala. Na leo saa nne nikaacha mboga kwenye mvua, nikaingia.

Zakayo alikuwa mezani karibu na mlango, anasoma gazeti. Aliponiona aliruka. Gazeti likapanda usoni, akapita katikati ya viti akigonga magoti, nikasikia mlango wa nyuma wa bati ukijifunga. Nilijua atakimbia. Nilikuwa nimepanga hivyo tangu usiku. Mungu anisamehe, na wazee wanisamehe, mila niliigeuza fimbo. Haya yake ilimtoa nje. Yangu nilikuwa nimeiacha kwenye mboga.

Wanaume wawili waliokuwa ndani walicheka. "Mama, wewe ni askari wa kanjo?" mmoja akauliza. "Mwenye hoteli amepotea kama moshi!"

Niliketi.

Ayuma alitoka jikoni na birika. Aliniona. Hakuniita mama. Alikuja mpaka kwangu, akaweka birika chini, akaenda akaleta kikombe, akaweka kikombe, akachukua birika tena, akamimina. Kila kitu kwa kushoto, kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza. Amekonda. Nywele hajasuka.

Nilikunywa. Tangu aolewe sijawahi kuonja kitu alichopika. Kahawa ilikuwa kama majivu yaliyotiwa maji, na mashapo yalijaa mdomoni. Nilimaliza yote.

Nikasema pole pole, "Nionyeshe mkono."

"Ni maji moto, mama. Sufuria iliniteleza."

Nilivuta leso. Mkono umevimba kutoka kifundo mpaka vidole, rangi imekuwa nyeusi na kijani, na kidole cha pili kimeangalia upande wake. Lakini ngozi ilikuwa nzima. Hakuna lengelenge hata moja. Mimi nimepika kwa kuni maisha yangu yote. Maji moto yanababua ngozi, hayavunji mfupa.

Nikasema, "Twende hospitali ya Mukumu kwa masista, wakufunge mkono. Halafu twende nyumbani."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nyumbani wapi, mama? Si mlinirudisha?"

Hapa kalamu inanikatalia, lakini nitaandika. Ni kweli. Mwezi wa kwanza mwaka huu Ayuma alikuja nyumbani na mkoba, saa sita mchana, bila barua. Alisema amechoka na ndoa. Nilimchinjia ingokho, nikampa paja, nikamwacha alale. Asubuhi nilimsindikiza kwa miguu yangu mwenyewe na kuku mwingine kwapani, wa kuwapoza wakwe. Nilimwambia ndoa ni kuvumilia, hata mimi nilivumilia. Alitaka kuvua sweta anionyeshe kitu mgongoni. Nikasema vaa, kuna baridi.

Sikutaka kuona. Hiyo ndiyo kweli, haki ya Mungu.

Kwa hivyo leo aliponiuliza vile, kulikuwa na neno moja tu la kumjibu, na nilikuwa nalo. Sikurudishi tena. Lilikuwa hapa kooni. Na unajua lililotoka ni lipi?

Nilisema, "Kahawa yako imeungua, mama."

Aliinamisha kichwa. "Najua. Siwezi kutwanga kwa mkono mmoja. Anakaanga yeye, anatwanga yeye, halafu akilalamikiwa anasema ni mimi."

Halafu akafunga leso kwa meno. "Toka, mama. Ameenda kuita ndugu zake. Wakikukuta hapa, wewe utapewa kesi ya wazee. Mimi sitapewa kesi."

Nikatoka.

Nikatoka, daftari. Nimezaa watoto wanne, na wa kwanza aliniambia toka, nikatoka. Nilirudi kwa mboga zangu nikaketi nikiangalia ule mlango. Mvua ikazidi, watu wakakimbilia chini ya mabati, wakasimama mbele yangu, na walipotawanyika mlango ulikuwa umefungwa. Saa tisa Mzee Rajabu, pamoja na kuapa kwake, alienda kutafuta kahawa yake. Akarudi akitikisa kichwa.

"Kufuli. Mchana kweupe. Wateja wamekimbia, sasa na wenyewe wamekimbia."

Ndipo nikasema. "Ni mtoto wangu, yule. Mkono wa kulia umevunjika."

Ndombi aliacha nyundo hewani. Mzee Rajabu alivua kofia, akaketi kwenye gunia langu lililolowa, na kanzu yake nyeupe.

"Nilimwambia mimi si mbwa," akasema. "Akaniambia, samahani baba. Hakuniambia kingine." Kisha akasema, "Nisamehe, dada. Nilikaa mbele yake siku tatu nikiangalia kikombe."

Nilimsamehe. Yeye alikuwa anakunywa kahawa tu. Mimi ndiye nilikuwa nalinda mlango.

Ameahidi kuuliza kwa watu anaowajua Lurambi. Ndombi alifunga kazi mapema, akaenda kuzunguka nyuma ya ile hoteli. Amekuta jiko bado lina moto na hakuna mtu.

Nyumbani nimeeleza yote. Kukhu amesema nimefungua mlango usiofunguliwa, itabidi kondoo wa kutakasa, na Zakayo sasa anaweza kudai sisi ndio tuliokosa. Labda. Baba Ayuma ameingiza baiskeli ndani, ameipindua juu chini, anapaka mnyororo mafuta. Kwa goti lile. Nimemuuliza unaenda wapi, akasema, "Tunaenda. Wewe utaketi nyuma."

Kukipambazuka tutafika Lurambi, mpaka uani kwa Zakayo. Haya nimeshavunja, siwezi kuivunja mara ya pili. Nikimkuta nitamtazama usoni. Lakini kama hawakumpeleka huko? Kama wamempeleka kwa ndugu, Kabras au wapi, nitagonga mlango wa nani?

Ayuma, maneno haya sina wa kumpa akuletee, lakini nayaandika kama barua kwa sababu sijui njia nyingine. Pale ndani nilishindwa kuyasema. Sikurudishi. Uje na mkoba, uje bila mkoba, uje hata wakiwa wanakufuata njiani. Hakuna kuku atakayebebwa kwenda kumpoza mtu. Wakileta kesi ya wazee waniletee mimi.

Ukisikia kwamba tunakutafuta, tuma neno upesi. Mpe mteja, mpe anayeteka maji, mpe yeyote anayeshuka kuja soko la Kakamega, amtafute mama wa saga karibu na fundi viatu. Usingoje mpaka mkono upone ndipo uandike. Nitashukuru hata akiniambia tu kwamba amekuona na unapumua. Upesi, mama. Nakuomba, iwe upesi.