Dereva wa Milima ya Wales

Louisville, tarehe 2 Desemba

Yaya Cubaka, kaka yangu mkubwa,

Jumapili iliyopita tulimpoteza dereva wetu, Aganze, mdogo wetu wa Columbus. Wanaokodisha magari kule Wales hawampi gari mtu asiyefikisha miaka ishirini na mitano. Aganze ana thelathini na ndevu, lakini kwenye karatasi ana ishirini na minne. Ni wewe uliyempunguzia miaka sita kwenye kambi ya wakimbizi ili aingie shule. Ananicheka kwenye simu: "Dada, niletee chupa ya maziwa!" Mimi sikucheka.

Safari ya kumzungusha Mama milimani iko palepale: siku tano, kilomita mia nne na themanini. Giza huko linaingia saa kumi jioni, donc tutaondoka mapema. Nilipomwonyesha picha za milima yenye theluji alisema, "Hii ni milima ya kwetu Walungu, wameimwagia chumvi." Tangu siku hiyo anavaa koti ndani ya nyumba.

Bon. Mimi leseni sina, naenda kazini ghalani kwa basi. Umebaki wewe. Mke wako Gracieuse anasema unaendesha vizuri. Nilimwuliza, asubuhi au jioni? Akaanza kunieleza habari za theluji ya huko kwenu Buffalo.

Barabara zile ni nyembamba, yaya, na Mama atakaa nyuma yako. Usinijibu kwa mstari wa Biblia. Pombe umeacha, au hujaacha? Nataka neno moja, Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mdogo wako,
Bulonza