Vidole sita vya ndoyi wako

Yaya mupenzi, dada yangu mukubwa,

Unajua mwenyewe: bila mimi muji wetu Baraka hautembei. Mutumbwi wenye moteri hautoki hapa pwani kama sijaisikiliza kifua ile moteri. Hata bakubwa ba bureau wakishuka toka Fizi, wananisalimia mimi kwanza. Ungekuwepo ungesema, "Mukubwa, funga kwanza kifungo cha suruali."

Unakumbuka kazi yako ya vidole? Kila mutoto wa jamaa yetu aliyezaliwa na kidole cha sita, bamama walikuletea Lubondja. Unakata uzi wa wavu niliokuletea toka ziwani, unakaza chini ya kale kadole. "Huyu Mungu alimupimia na matabisi, nyongeza ya bure kama sokoni," ulikuwa unasema. Kanakauka, kanaanguka, tunakula bugali. Mimi ndiye nilishika mikono yao, bila woga.

Sasa mutoto wako Riziki amezaa. Binti. Tulimupa jina lako, ni ndoyi wako. Vidole sita mukono huu, sita ule. Nikakata uzi: "Leteni, fundi iko hapa!" Lakini mutoto ananyonya kidogo, anachoka, midomo bluu. Tukamupeleka hospitali ya Nundu.

Dokta aliniita mimi, aliona nina kichwa. Akasema mutoto akiwa tumboni, tuchembe twa mwili wake tunaitana: wewe kuwa kidole, wewe simama hapo, wewe jenga ukuta wa moyo. Kwa ndoyi wako ujumbe mumoja ulikosewa, aliurithi kwa wazazi wake bila wao kujua. Vidole vikazidi, na ukuta ndani ya moyo ukabaki na tundu. "Ni kosa moja, papa." Nikamuuliza uzi gani unafaa. Akasema hapa si uzi, ni kupasua. Wa kupasua moyo mudogo hivi hayuko huku kwetu.

Nimefufua moteri katikati ya ziwa, kwa kisu na kamba ya kiatu. Hii, Yaya, sijui niweke mukono wapi. Riziki ananiangalia: "Mujomba, fanya kitu." Ninamupokea mutoto.

Sasa Riziki amelala kidogo, mutoto niko naye. Amefunga vidole vyake sita juu ya kimoja changu, ndiyo maana mwandiko umepinda. Uzi ungali mufukoni.

Kaa vema huko kwa marehemu wetu, Yaya. Ndoyi wako usimwite bado.

Na moja usimwambie muntu: tangu asubuhi nimebanwa na mukojo, ninaogopa kuchomoa kidole.

Mudogo wako