Kidole Kimoja Kwenye Kinanda

Mjukuu wangu Neema,

Huku Shangani tupo. Bibi yako anakusalimu, ingawa miguu haimpi nafuu. Umekosea kinanda mbele ya kanisa zima, sasa unaniuliza mimi nilirudije kinandani baada ya kukosea.

Ujanani nilimshikia nafasi mpiga kinanda wetu alipougua. Jumapili ya kwanza nilianza juu mno, waumini wakashindwa kuimba. Jumapili iliyofuata vidole viligoma kabisa. Mama mmoja wa kwaya akauanzisha wimbo mwenyewe, nami nikaitafuta sauti yake kwa kidole kimoja mpaka nikaipata.

Ujasiri sijaupata, Neema. Hadi leo wakiniita kupiga kinanda naogopa. Mama yule tulishamzika, na kila mara kabla ya kuanza wimbo bado namtafuta kwa kidole kile kile.

Babu yako